Albamu Saba Baada ya Alan

Tarehe 1 Juni 1995, siku aliyotimiza miaka 36, Alan Wilder alitangaza kwamba anaiacha bendi ya Depeche Mode. Taarifa yake ilikuwa ya adabu lakini haikumung'unya maneno. Hakuridhika na uhusiano wa ndani ya bendi wala na namna kazi ilivyokuwa ikiendeshwa, na aliona kwamba mzigo alioubeba kwa miaka yote hiyo wenzake hawakuupa heshima uliyostahili. Wengi walioisoma taarifa ile hawakujua ni mzigo gani anaouzungumzia. Mwimbaji walimjua, naye ni Dave Gahan, anayezunguka jukwaani kifua wazi. Mtunzi walimjua, Martin Gore, mwenye nywele zilizosokoteka za rangi ya dhahabu. Andy Fletcher walimjua kama mwenye kushughulikia biashara na kusuluhisha ugomvi. Wilder alikuwa yule wa kinanda, asiyesema sana na asiyecheka sana kwenye picha.

Tangu siku hiyo bendi imetoa albamu saba. Alizoshiriki Wilder ni sita. Alikaa nao miaka 13. Wao wameishi bila yeye zaidi ya mara mbili ya muda huo. Hata hivyo, ukikaa na mashabiki wa siku nyingi wa Depeche Mode, utasikia bado wanahesabu miaka kwa jina lake: wakati wa Alan, baada ya Alan. Kila albamu mpya inapotoka, swali la kwanza huwa ni lile lile, kwamba je, yeye angeifanyaje?

Swali hilo lina mizizi mirefu. Depeche Mode ilizaliwa mwaka 1980 katika mji wa Basildon, Essex, uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili kupokea familia zilizokuwa zikihama London. Walikuwa vijana wanne wenye vinanda vya umeme, na mahali pa mpiga ngoma waliweka mashine. Daniel Miller, mwenye lebo ndogo ya Mute, aliwachukua kwa kupeana mikono tu bila karatasi. Mtunzi wao wakati huo alikuwa Vince Clarke. Albamu ya kwanza, Speak & Spell, ilitoka mwaka 1981 ikapendwa, na kabla mwaka haujaisha Clarke akaaga, akaenda kuanzisha Yazoo na baadaye Erasure. Gore akashika kalamu.

Wilder aliingia kwa tangazo la gazeti la Melody Maker lililotaka mpiga kinanda aliye chini ya miaka 21. Yeye alikuwa na miaka 22, akapunguza umri, akapata kazi. Mwanzoni aliajiriwa kwa ajili ya maonyesho tu, kwa hiyo A Broken Frame ya 1982 wale watatu waliirekodi bila yeye, jambo ambalo kwa mtu aliyesomea piano tangu utotoni halikupita bila kuuma. Studio aliingia mwaka uliofuata, katika Construction Time Again. Hapo ndipo bendi ilipoanza kutoka nje na vinasa sauti, ikagonga vyuma na mabomba katika maeneo yaliyoachwa ya mashariki mwa London, kisha ikazirudisha sauti hizo studio na kuzipiga upya kwa vidole kwenye kinanda. Kazi ya namna hiyo inataka mtu anayeweza kukaa siku nzima akitafuta mlio mmoja. Gore alikuwa mwepesi wa kutunga na mwepesi wa kuchoka. Fletcher hakuwa mtu wa vyombo. Gahan alisubiri zamu yake ya kuimba. Aliyebaki mezani na wahandisi mpaka usiku wa manane alikuwa Wilder.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Enjoy the Silence. Gore aliuleta ukiwa wimbo wa polepole, sauti yake na kinanda cha mvukuto tu. Wilder akausikia, akasema huu uongezewe mwendo mpaka uchezeke. Gore akakataa, aliona ni kichekesho wimbo wa kusifu ukimya upigiwe mdundo wa dansi. Walibishana. Mwishowe Wilder na mtayarishaji Flood wakaujenga wenyewe, kisha wakamwita Gore aweke mstari wa gita juu yake. Kikatoka kibao kilichovuma kuliko chochote ambacho bendi hiyo imewahi kutoa, ndani ya Violator ya mwaka 1990, albamu yenye nyimbo 9 tu ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha zote.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu kinaeleza hukumu zote zilizofuata. Mashabiki waliposoma taarifa ya 1995 wakarudi kusikiliza upya, waligundua kwamba sehemu kubwa ya kile walichokuwa wakikiita Depeche Mode ni upangaji: mlango unaofungwa kwa mbali nyuma ya ubeti, sauti ya chuma inayorudi mara moja tu na haisikiki tena, daraja refu kati ya wimbo na wimbo. Gore alikuwa roho ya bendi na Gahan ndiye mdomo wake. Masikio yalikuwa ya Wilder, na masikio ndiyo yaliyoondoka.

Mashabiki hawa nao si watu wa kusahau haraka. Machi 1988 bendi ilipiga Berlin Mashariki, katika onyesho lililoandaliwa na umoja wa vijana wa chama tawala, na waliobahatika kupata tiketi waliisimulia siku hiyo miaka nenda rudi. Juni mwaka huo huo walijaza uwanja wa Rose Bowl kule Pasadena, California, watu zaidi ya 60,000, wakati magazeti ya kwao Uingereza bado yakiwachukulia kama watoto wa vinanda. Mashabiki wa Moscow walipata bahati ya kalenda, kwa kuwa Gahan alizaliwa tarehe 9 Mei, siku ambayo Urusi husherehekea ushindi wa vita. Siku wazee wanapotembea na nishani zao, mashabiki nao hukusanyika kumwimbia mwimbaji wao. Watu kama hao, waliojifunza wimbo kwa kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine iliyonakiliwa, husikia kila kitu, na husamehe kwa shida.

Albamu ya kwanza bila Wilder karibu isingetokea. Songs of Faith and Devotion ya 1993 ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, lakini ziara iliyofuata iliwavunja wote. Fletcher aliiacha njiani akiwa mgonjwa wa akili. Gahan, aliyekuwa amehamia Los Angeles, alikuwa mateka wa heroini. Mwaka 1995 alijikata mkononi. Mwaka 1996 walipojaribu kurekodi New York, majuma yalipita na kilichofaa kutoka kooni mwake kilikuwa wimbo mmoja, Sister of Night, nao uliungwa kipande kwa kipande kutoka katika majaribio mengi. Tarehe 28 Mei mwaka huo, katika hoteli ya Sunset Marquis huko Los Angeles, alijidunga mchanganyiko wa heroini na kokeini, na moyo wake ukasimama kwa takriban dakika mbili. Waliomwokoa ni wahudumu wa gari la wagonjwa. Polisi walimkamata, mahakama ikamweka chini ya matibabu, na tangu hapo akaacha.

Kwa hiyo Ultra, iliyotoka Aprili 1997, haikupokelewa kama muziki tu. Watu waliinunua kama wanaopokea mgonjwa aliyetoka wodini, ikafika nafasi ya kwanza Uingereza. Mahali pa Wilder paliwekwa kikosi kizima: mtayarishaji Tim Simenon, aliyejulikana kwa jina la Bomb the Bass, pamoja na watu wake wa vinanda na programu. Walipunguza kasi, wakaleta besi nzito na ngoma za kukokota zilizonuka hip hop. Waliokuwa wakitafuta Violator ya pili hawakuiona. Leo, baada ya vumbi kutulia, ni nadra kukuta shabiki anayeidharau. It's No Good na Home zimeimbwa na viwanja vizima kwa miaka zaidi ya 20, na ile Sister of Night ya viraka, ukijua ilivyopatikana, inasisimua mwili. Mimi naiweka jirani kabisa na Violator, na sijali anayenuna.

Exciter ya mwaka 2001 ndiyo iliyowagawa. Mtayarishaji alikuwa Mark Bell, aliyefanya kazi na mwimbaji Björk, na alichofanya ni kuondoa. Wimbo wa kwanza, Dream On, unatembea kwa gita la kawaida na mibofyo midogo ya kompyuta. Hakuna kishindo. Shabiki wa Songs of Faith and Devotion, aliyezoea kwaya na magita yanayonguruma, alijiona amepewa maji ya uvuguvugu. Kosa la albamu hii nadhani si ulaini wake, bali nyimbo zake ambazo hazilingani. Freelove na Goodnight Lovers ni kazi za mtunzi aliyetulia na anayejua anachosema; katikati yake kuna vipande vinavyopita bila kuacha alama. Wanaoipenda huipenda kwa ukaidi, kama watu wanaomtetea ndugu asiyependwa, na kila miaka inavyokwenda wanaongezeka.

Kisha likaja jambo ambalo mashabiki hawakulitarajia: mwimbaji alidai kalamu. Gahan alikuwa ametoa albamu yake mwenyewe, Paper Monsters, mwaka 2003, na aliporudi hakutaka tena kuimba maneno ya mwingine peke yake. Baada ya mvutano walikubaliana nyimbo tatu. Playing the Angel ilitoka Oktoba 2005 chini ya mtayarishaji Ben Hillier, na kati ya hizo tatu Suffer Well ilithibitisha kwamba hakuwa anabahatisha. Gore naye alileta Precious, alioutunga akiwafikiria watoto wake wakati ndoa yake inavunjika, wimbo wenye huruma ambayo hajaifikia mara nyingi. Wengi waliona hapa bendi imerudi: vinanda vikali na vumbi la umeme, pamoja na maumivu wanayoyajua.

Ila kulikuwa na malalamiko, na mlalamikaji mkuu alikuwa Wilder mwenyewe. Mwaka 2008 aliandika waraka wa wazi kuhusu tabia ya viwanda vya muziki kusukuma sauti za rekodi mpaka mwisho wa kipimo, na mfano wake ulikuwa Playing the Angel. Katika hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi, mhandisi anaweza kubana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa ili wimbo wote uwe juu, ushinde nyimbo nyingine redioni na kwenye gari. Wimbo wa namna hiyo unavutia kwa dakika tatu. Albamu nzima inachosha masikio, kwa sababu hakuna mahali pa kupumzikia. Alisema kweli. Nyimbo za albamu hii zina afya kuliko rekodi yake. Bendi yenyewe imekuwa ikipiga A Pain That I'm Used To jukwaani tangu ziara ya 2013 kwa kufuata marekebisho (remix) ya Stuart Price, mwenye jina la kazi Jacques Lu Cont, na si kwa kufuata ile ya kwenye albamu. Kama kuna kukiri kwa vitendo, ndiko huko.

Sounds of the Universe ya mwaka 2009 iliandaliwa wakati Gore akinunua vinanda na mashine za ngoma za zamani kwenye minada, vifurushi vikimiminika studio karibu kila siku. Unasikia furaha yake, na unasikia pia kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia basi. Wrong ni ngumi ya uso. In Chains ni nzuri lakini inachukua muda mrefu kuamka. Nyimbo ni 13, na mashabiki wengi walipokaa na kalamu walizifuta nne au tano. Kilichowakera zaidi ni kwamba toleo la kifahari la albamu hiyo, sanduku zima, lilikuwa na nyimbo zilizoachwa nje, na baadhi yake, kama Oh Well, zilikuwa hai kuliko zilizoingizwa. Ndani ya sanduku hilo hilo zilikuwamo rekodi za majaribio za Gore za miaka mbalimbali. Kwa mara ya kwanza watu waliweza kulinganisha rasmi wimbo ulivyotoka nyumbani kwake na ulivyoishia dukani. Hoja kuhusu kazi ya Alan ikapata ushahidi, kwa maana baina ya mbegu na mti wa miaka ya 1980 kulikuwa na umbali mkubwa, na umbali huo ulikuwa umepungua.

Ziara ya albamu hiyo ilisimama ghafla Mei 2009 Gahan alipougua Athens, na madaktari wakakuta uvimbe kwenye kibofu, wakautoa. Alirudi jukwaani baada ya majuma machache. Februari 2010, katika onyesho la hisani kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, Gore alisimama kuimba Somebody, na aliyekuja kukaa kwenye piano alikuwa Alan Wilder. Wimbo mmoja tu. Ukumbi ulilipuka. Mwaka uliofuata bendi ilitoa mkusanyiko wa marekebisho, na ndani yake In Chains imepangwa upya na Wilder. Mashabiki waliupata mtihani walioutaka kwa miaka 16: wimbo wa baada ya Alan mikononi mwa Alan. Ni kazi nzito, ya taratibu, yenye kujaa vivuli. Lakini baada ya kuusikiliza mara nyingi, nabaki na shaka ambayo mashabiki wengi hawapendi kuisikia, kwamba hata yeye asingeufanya uwe Enjoy the Silence. Wimbo wenyewe hauna kiini hicho. Mwaka huo huo wa 2011 Wilder alipiga mnada vinanda na kumbukumbu zake za bendi mjini Manchester, na matumaini ya kurudi kwake yakaondoka na mizigo ya wanunuzi.

Delta Machine ya 2013 na Spirit ya 2017 nitazipitia haraka, kwa kuwa hata mashabiki huzipitia haraka. Ya kwanza ilijaribu kuoanisha bluzi ya Mississippi na vinanda vya nyaya, na inaposhika, inashika kweli. Ila ni ndefu kupita uwezo wake. Ya pili, iliyotayarishwa na James Ford, ilikuja na hasira ya siasa. Mwezi mmoja kabla haijatoka, kiongozi mmoja wa wabaguzi wa rangi Marekani alidai Depeche Mode ni bendi ya harakati zake, nayo ikamkana hadharani. Hasira ile ilikuwa ya haki, lakini Gore ni mtunzi wa dhambi na chumba cha kulala, na anapohutubia umma anakuwa mwalimu. Ziara ilikuwa kubwa kuliko albamu. Filamu iliyotokana nayo, Spirits in the Forest ya Anton Corbijn, inafuata mashabiki sita kutoka nchi mbalimbali, mmoja wao Mongolia, na ni ushahidi mzuri wa nguvu ya nyimbo hizi katika maisha ya watu wasiojuana.

Tarehe 26 Mei 2022 Andy Fletcher alifariki ghafla akiwa na miaka 60, baada ya mshipa mkuu wa damu kuchanika. Miaka mingi mashabiki walimtania kwamba kazi yake jukwaani ni kupiga makofi. Alipoondoka ndipo wengi walipotambua kwamba bendi hii ya watu wawili wasiopenda kuzungumza ilikuwa na daraja, na daraja ni yeye. Nyimbo za albamu iliyofuata zilikuwa zimekwisha kutungwa wakati wa janga la korona, na jina la albamu, Memento Mori, yaani kumbuka utakufa, lilikuwa limekwisha chaguliwa. Gore na Gahan waliamua kuendelea, wakaingia studio ya Gore huko Santa Barbara kiangazi hicho hicho wakiwa na James Ford tena na mhandisi Marta Salogni.

Albamu ilitoka tarehe 24 Machi 2023. Nne kati ya nyimbo zake Gore alizitunga pamoja na Richard Butler wa bendi ya Psychedelic Furs, ukiwemo Ghosts Again, na Wagging Tongue ulibeba majina ya Gore na Gahan wote wawili, jambo la nadra mno katika historia yao. Huenda hapo ndipo siri ilipo. Kwa miaka 28 mashabiki walikuwa wakiuliza nani atachukua kiti cha Alan, wakipima kila mtayarishaji aliyeletwa. Jibu la Memento Mori ni kwamba kiti kile hakikuhitaji mtayarishaji mwingine. Kilihitaji mtu wa kubishana na Gore kabla wimbo haujakomaa, kama Wilder alivyobishana naye kuhusu kasi. Butler alifanya hivyo kwenye maneno, Gahan kwenye muziki, na msiba ukawafanya wawili waliobaki wazungumze. Vinanda vina nafasi ya kupumua, ngoma hazipigi kelele, na sauti ya Gahan, akiwa na miaka 60, ina uzito ambao kijana wa Violator asingeweza kuubeba.

Anayetaka kuingia kwenye kipindi hiki asianze mwanzo mpaka mwisho. Aanze na Ultra, kisha aruke mpaka Memento Mori, azisikilize kwa mfuatano usiku mmoja. Baada ya hapo achukue Playing the Angel, apunguze sauti kidogo. Exciter aiache kwa siku ya mvua. Sounds of the Universe aipunguze mwenyewe ibaki nyimbo 9, na Oh Well asiusahau.